Herufi za Shavuni mwa Shangazi Koku

Shangazi yangu Kokushubila anaweza kusoma gazeti lililogeuzwa juu chini. Mume wake, Ta Protase (Ta ni kama Bwana kwa Kihaya), akikaa barazani asome habari za bei ya kahawa, shangazi huwa mbele yake anamenya ndizi, na macho yake yanasoma ukurasa uleule kutoka kule aliko.

"Geuza," anamwambia.

"Ngoja, wewe! Ndiyo kwanza nafika kwenye nukta ya kwanza."

"Basi nikusimulie inavyoisha?"

Wote tunamwita Koku. Alizaliwa Muleba, akasoma mpaka darasa la nane. Mwaka 1967, nchi ilipotangaza ujamaa na kujitegemea, alikuja Bukoba mjini kutafuta kazi. Mzee Burhani alikuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji nyuma ya nyumba yake, hapa Hamugembe: chumba kimoja, mashine moja ya kukanyaga kwa mguu, na masanduku ya herufi. Alitaka mwanamume. Shangazi akamwambia, "Mzee, herufi zinashikwa kwa vidole. Vyangu hivi hapa." Mzee Burhani hupenda kueleza kwamba alicheka mpaka kofia ikamdondoka, na kesho yake Koku akaanza kazi.

Mimi nilikuja kukaa kwao Januari 1973, nilipochaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Siku niliyoingia kiwandani mara ya kwanza nilidhani ni duka la mbegu, maana kila sanduku lilikuwa na vyumba vidogo vidogo, na kila chumba kimejaa vijiti vya risasi, yale madini laini ya kijivu, vifupi kuliko njiti ya kiberiti. Kwenye ncha ya kila kijiti kuna herufi moja, imegeuka kama uso kwenye kioo. Shangazi alikuwa anachukua kijiti baada ya kijiti bila kutazama, tik, tik, tik, anavipanga kwenye kibao cha chuma mkononi, na kabla sijamaliza kushangaa mstari mzima ulikuwa umekamilika. Nikamwuliza kama anaona kwa vidole.

"Vidole vinakumbuka," akasema. Lakini alisema kwa shida, kama mtu aliyeumwa jino, kwa sababu shavu lake la kushoto lilikuwa limejaa k.

Hapo lazima nieleze. Masanduku yale yaliagizwa Ulaya, na walioyajaza waliyajaza kwa hesabu ya Kiingereza. Chumba cha e kilikuwa kimefurika, q na x zilikuwa zimelala mpya kabisa, lakini k na w zilikuwa chache kama meno ya bibi. Sasa hebu jaribu kuchapa Kiswahili bila k! Miaka ile kazi kubwa ilikuwa vitabu vya kisomo cha watu wazima, wakulima wote wajue kusoma, na kila ukurasa ulimaliza k kabla haujafika katikati. Kulikuwa na mpangaji mwingine, Ayubu, yeye hupanga kadi za harusi na matangazo ya mpira. Ayubu alikuwa mwizi wa k. Shangazi akigeuka tu, zimekwenda kupamba harusi ya mtu.

Kwa hiyo aliziweka shavuni. Sisi Wahaya tumezoea shavu kuwa na kitu. Kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani kisha ikakaushwa, mgeni hupewa kabla hata hajaulizwa habari za safari, na mtu anaweza kukaa na punje zake tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Shangazi alikuwa na kahawa shavu la kulia na k shavu la kushoto, na hakuna aliyeona ajabu. Tena masanduku yakijaa vumbi aliyapuliza kwa mdomo, fuuu! vumbi la kijivu likamrudia usoni, akacheka, akaendelea.

Alipenda kazi ile. Nimewaona watu wengi wakienda kazini, lakini sijamwona mwingine anayekwenda huku anaimba.

Kilichomkosesha raha kilikuwa kimoja. Alifunga ndoa na Ta Protase, ambaye ni mwashi, mwaka 1968, na miaka mitano baadaye walikuwa bado hawajapata mtoto. Mimba moja iliwahi kuingia, ikatoka. Siku zake za mwezi zilikuwa zinakuja zinavyotaka: mara zimekawia miezi miwili, mara minne, mara zikaja kidogo tu na kutoweka. (Nimemwomba ruhusa kuandika haya. Akasema, "Andika, wasichana wajue. Ukificha utakuwa umewafichia nini?")

Mama mkwe wake, Bibi Ephrasia wa Muleba, alileta dawa za majani kwenye chupa za kila rangi. Shangazi alikunywa zote kwa adabu. Mwezi wa Desemba tulipokwenda Muleba kwa Krismasi, Bibi Ephrasia hakuleta chupa. Alileta maneno.

"Mkamwana, mimi nakupenda. Lakini nazeeka. Mavuno ya kahawa ya mwakani yakipita bila habari, Protase ataleta mwenzako wa kukusaidia. Msichana nimeshamwona, kwa Byabato."

Ta Protase akasema, "Mama, huyu mmoja ananisomea gazeti kabla yangu. Nikileta wawili si nitafungua maktaba?"

Watu walicheka, hata shangazi. Lakini nilipomfuata nyuma ya nyumba nilimkuta ameegemea mgomba, anajifuta macho kwa kiganja cheusi. "Sitaki kugawana," akaniambia. "Na mtoto nataka, Georgina. Nataka mpaka mikono inaniuma."

Na kweli alikuwa anaumwa, si mikono tu. Tumbo lilikuwa linamsokota tangu wiki ile. Siku mbili baada ya Krismasi lilimshika vibaya, Ta Protase akatupeleka hospitali ya Rubya.

Daktari alikuwa kijana, jina lake Gamaliel, mwembamba, na aliuliza maswali kama mtu anayekusanya kuni: hili, na hili, na lile pale. Alipofika kwenye siku za mwezi alinitazama mimi. "Huyu binti atoke?"

"Akae," shangazi akasema. "Na yeye ana zake."

Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini nilikaa.

"Haya mama, fungua mdomo."

"Ngoja kwanza," shangazi akajibu, akageuka pembeni kwa heshima, akatema kiganjani vijiti vitano vya risasi.

Daktari aliviangalia. Akavua miwani, akavaa tena. "Hivi ni nini?"

"Hizi tatu ni k, daktari. Na hizi mbili ni w."

"Zinafanya nini mdomoni?"

"Nikiziacha mjini, Ayubu atazimaliza."

"Unalala nazo?"

"Hapana!" shangazi akasema, kama aliyesingiziwa. "Usiku naziweka chini ya mto."

Nilicheka, samahani, nilishindwa kujizuia. Daktari hakucheka. Alimvuta midomo taratibu, akaniita nione: kwenye ufizi, pale jino linapotokea, kulikuwa na mstari mwembamba, buluu inayokaribia nyeusi.

"Kahawa hiyo," shangazi akasema. "Mama mkwe wangu naye fizi zake nyeusi."

"Mama mkwe wako anapanga herufi?"

Shangazi akazitazama zile k kiganjani.

Daktari alimtoboa kidole, akapaka damu kwenye kioo. Baada ya muda aliniruhusu nichungulie kwenye darubini. Jamani! Sikujua damu ina watu wengi hivyo. Chembe nyekundu zilikuwa zimejazana kama buni uani, na nyingine zilikuwa na vidoadoa vya buluu, kama zimenyunyiziwa wino. "Hivyo vidoa," daktari akasema, "ndivyo vinavyonifanya niamini. Damu nyingine nitaipeleka mbali ikapimwe kamili. Lakini mama, una risasi mwilini. Inatoka kwenye vijiti hivyo na kwenye vumbi. Tumbo lako linalalamika kwa ajili hiyo. Na nadhani siku zako pia."

Kisha akaeleza, na nitajaribu kuyaandika kama nilivyoyaelewa. Siku za mwanamke haziji zenyewe. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya kunde. Kila mwezi inatuma wajumbe kwenye damu, wanaitwa homoni, wanaiambia ovari: komaza yai. Ovari inatii, nayo inatuma wajumbe wake: wengine wanakwenda kuuambia mji wa mimba utandike kitanda, wengine wanarudi juu kusema kazi imefanyika. Juu na chini, chini na juu, mwezi hadi mwezi. Risasi ikiingia mwilini inawavuruga wajumbe. Wengine hawatumwi kwa wakati, wengine wanafika lakini ovari haiwasikii vizuri. Yai halikomai, kitanda hakitandikwi, siku zinapotea. Na mimba ikiingia katikati ya vurugu hiyo inaweza kutoka.

"Wataalamu bado wanachunguza inavyofanya hasa," akasema. "Sitakudanganya kwamba najua yote. Lakini wanawake waliofanya kazi na risasi wamekuwa wakipata shida hii tangu zamani."

"Kwa hiyo mimi si tasa?" shangazi aliuliza polepole sana.

"Sijui bado. Ila sioni sababu ya kukuita tasa wakati mjumbe amezuiwa njiani."

Hapo shangazi alisimama, akamshika daktari mikono yote miwili na kuitikisa mpaka miwani ikamteleza puani. Yaani mtu ameambiwa ana sumu mwilini, naye anashangilia! Lakini nilimwelewa. Kwa miaka mitano alikuwa na shida isiyo na jina.

Masharti yalikuwa magumu. Asiguse herufi. Anywe maziwa, ale mboga za majani na maharage, kwa sababu risasi hujificha kwenye mifupa, na mwenye njaa huivuta zaidi. Na lililo gumu kuliko yote: asijaribu kupata mimba mpaka damu ipungue risasi, maana ilivyo sasa ingempata mtoto tumboni. "Huenda mwaka," daktari akasema.

Mwaka! Na mavuno ya kahawa yalikuwa miezi sita tu mbele.

Mzee Burhani alipopata habari alikaa juu ya rundo la karatasi, akashika kichwa. "Mwanangu, mimi ndiye niliyekufundisha kupuliza sanduku kwa mdomo. Nilifundishwa hivyo na aliyeniuzia. Wallahi sikujua." Siku ileile aliweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Chakula marufuku chumbani. Vumbi litafutwa kwa kitambaa kibichi, masanduku yakiwa nje.

Ayubu alisimama kando na mikono mfukoni. "Na wanaume je? Inawapata?"

"Daktari anasema na mbegu za mwanamume zinaharibika," shangazi akamjibu.

Ayubu akanawa mikono mara tatu mfululizo, mpaka viwiko. Tangu hapo hatujapata kumwona mtu msafi kuliko yeye.

Ila shangazi angefanya nini? Vitabu vya kisomo vilikuwa vinasubiriwa vijijini. Mzee Burhani akamwekea meza barazani, mbali na chumba, na kazi yake ikawa kusoma prufu, zile karatasi za kwanza za kutafutia makosa. Ayubu anapanga ndani, anapitisha karatasi dirishani, shangazi anapiga kelele kutoka nje: "Mstari wa saba umemla mkulima!" Ayubu naye anajibu, "Arudishwe!" Watu wa Hamugembe wakipita njiani waliacha shughuli zao kusikiliza. Shangazi alisema mwanzoni vidole vilikuwa vinamwasha kwa hamu. Baadaye akagundua kwamba barazani kuna upepo na habari zote za mtaa.

Majibu ya damu yalifika baada ya wiki saba, na daktari alikuwa amesema kweli. Machi 1974, siku zake zikaja. Baada ya siku arobaini zikaja tena. Kisha baada ya thelathini na tatu. Alikuwa anaweka alama kwenye kalenda ya ukutani, na Ta Protase kila alama mpya alinunua sato mkubwa sokoni. Wanawake wengine siku zao huwakasirisha. Nyumbani kwetu tulikuwa tunakaanga samaki! Mara ya nne, zilipokuja baada ya siku ishirini na tisa, jirani aliuliza kuna sherehe gani. Ta Protase akajibu, "Mambo ya kalenda," na kufunga mlango.

Julai Bibi Ephrasia akashuka kwenye basi, na kikapu, na uso wa mtu aliyekuja kukamilisha jambo.

"Mkamwana, kahawa imeiva."

"Imeiva, Mama. Lakini daktari anasema ningoje. Njia haijafunguka yote."

"Njia gani? Mimi nimezaa saba bila kuambiwa njia."

Shangazi alijaribu kueleza homoni. Bibi Ephrasia alimsikiliza kama anavyosikilizwa mlevi. Basi shangazi akatukokota wote uani kwa Mzee Burhani na kutupanga kama waigizaji. Mzee Burhani akakaa kwenye kiti upande wa juu: yeye ubongo. Shangazi akakaa chini ya mgomba: yeye ovari. Ayubu akapewa karatasi: yeye mjumbe. Ta Protase, ambaye ana kilo zake, akaambiwa akae katikati ya njia.

"Na mimi?" Bibi Ephrasia akauliza, kwa sababu hakupenda kuachwa.

"Wewe Mama ni mji wa mimba. Shika mkeka. Ukipata ujumbe kutoka kwangu, utandike."

"Ayubu, nenda!" Mzee Burhani akaamuru. Ayubu akaenda. Ta Protase akamdaka mguu.

"Habari za nyumbani, ndugu Ayubu?"

"Njema, niache nipite."

"Na shemeji hajambo? Na mpira wa Jumapili mliwafunga?"

"Ayubuuu!" Mzee Burhani akaita. "Kimya huku! Wamekufa?" Akamtuma tena, akamtuma mara ya tatu, Ta Protase amemkumbatia kabisa. Chini ya mgomba shangazi amekaa tu, mikono mapajani. Bibi Ephrasia amesimama na mkeka umekunjwa.

"Ebu mwachie!" akamfokea mwanawe. "Huoni nangoja?"

"Huyo ndiye risasi, Mama," shangazi akasema. "Ungemleta msichana wa kwa Byabato, mimi ningebaki nimekaa hivi hivi, na huyu angebaki njiani."

Bibi Ephrasia aliwatazama mmoja mmoja. Sisi wote tulikuwa tumeacha kucheka, kwa sababu tulijua ni nini kinasubiriwa. Kuku alipita, hakuna aliyemfukuza.

"Anaondoka lini?"

"Polepole. Amejificha mifupani. Daktari atapima tena Novemba."

"Na anaondolewa kwa kitu gani?"

"Kwa kutomwongeza. Na chakula kizuri. Maziwa."

Bibi Ephrasia akautandika mkeka palepale, akakaa juu yake, akanyoosha miguu. "Maziwa mimi ninayo," akasema. "Msichana wa Byabato nitamwombea bwana mwingine. Protase, ondoka njiani."

Kuanzia hapo kila Jumamosi kondakta wa basi la Muleba alileta kibuyu cha maziwa. Novemba damu ikapimwa, majibu yakaja Januari. Risasi haikuwa imekwisha, lakini imeshuka sana, na Daktari Gamaliel akasema, "Sasa mnaweza kujaribu. Maziwa yaendelee, kwa sababu mimba hutikisa mifupa na kilichojificha humo."

Aprili 1975 kalenda ikakosa alama. Safari hii hakuna aliyenunua samaki. Tulitembea nyumbani kwa ncha za vidole mpaka Rubya waliposema ndiyo, ni mimba, na mji wa mimba umetandikwa vizuri kabisa.

Ta Protase akaanza kujenga chumba cha mtoto kwa matofali, upande wa jua la asubuhi. Bibi Ephrasia akahamia kwetu kulinda. Siku ya tatu ya ujenzi alikuta timazi ya Ta Protase imewekwa juu ya meza ya chakula, ile kamba yenye uzito wa kupimia ukuta usipinde. Akauinua ule uzito, akaupima mkononi.

"Protase, hiki ni nini?"

"Timazi, Mama."

"Nauliza kimetengenezwa kwa kitu gani."

Ta Protase alijikuna shingo. "Risasi."

Bibi akaikusanya kamba. Alitoka nayo, kwa fimbo yake na hatua zake fupi, na kilichosikika baadaye ni kishindo kidogo ndani ya choo cha shimo. Ta Protase alimaliza ukuta kwa macho na kwa imani.

Mtoto alizaliwa Rubya wiki moja kabla ya Krismasi, msichana, kilo tatu na robo, anapiga kelele kuliko mama yake akiwa barazani. Anaitwa Klaudia. Ukuta wa chumba chake umeinamia ndani, mtu yeyote anauona tangu mlangoni, na wageni wakiwa wameshampongeza mama na kumbeba mtoto humwuliza Ta Protase, mwashi mzima, imekuwaje. Yeye humpapasa mtoto mgongo, akautazama ukuta kwa furaha, na kuwajibu kwamba huo ndio ukuta ulionyooka kuliko zote alizojenga.